Maswali ya Wasomaji: Sydney katika Mwaka wa Njaa, 1790

Katika toleo lililopita tulieleza kwa kifupi jinsi Uingereza ilivyoanzisha koloni la New South Wales, huko Australia, mwaka 1788, na tukataja kwamba mwaka 1790 ulikuwa mgumu kuliko yote ya mwanzo. Barua tulizopokea kutoka Kigoma na Tabora zimeuliza zaidi juu ya mwaka huo mmoja, nasi tumeona vyema nafasi yote ya safu hii tuwape wao.

Ndugu Mhariri, binti yangu yuko kidato cha tatu, na daftari lake la historia linaitaja Australia kwa mstari mmoja tu, katika orodha ya makoloni ya walowezi pamoja na Kenya na Rhodesia ya Kusini. Ninyi mliandika kwamba walowezi wa Sydney walikaribia kufa njaa. Iweje taifa lililotamba baharini lishindwe kujilisha katika nchi ambayo wenyeji wake walikuwa wakiishi na kula?
*Mzazi, Ujiji*

Ndugu mzazi, njaa ya Sydney haikuletwa na nzige wala na ukame. Ililetwa na mpango wenyewe. Gavana Arthur Phillip alitia nanga tarehe 26 Januari 1788 akiwa na meli 11 na watu zaidi ya 1,000, wengi wao wafungwa waliohukumiwa kuhamishwa kwao, hasa kwa makosa ya wizi, pamoja na askari wa majini wa kuwalinda. Waliojua kulima walikuwa wachache mno. Udongo wa kandokando ya ghuba ulikuwa wa kichanga, sehemu ya mbegu iliharibika safarini, ng'ombe wachache waliokuja nao walipotelea porini mwaka uleule wa kwanza, na mashamba yalifunguliwa kwa jembe la mkono na watu ambao wengi wao walikulia katika vichochoro vya London. Kwa hiyo watu wote, kuanzia gavana hadi mfungwa, walikula kutoka bohari la serikali, na bohari hilo lilitegemea meli za kutoka Uingereza, safari ya miezi minane hivi. Mwaka 1790 ulipoanza, hakuna hata meli moja ya chakula iliyokuwa imefika kutoka huko.

London haikuwa imewasahau. Meli ya Guardian ilikuwa njiani ikiwa imesheheni vyakula na vifaa, lakini mwishoni mwa Desemba 1789 iligonga mlima wa barafu katika bahari za kusini. Nahodha wake, Edward Riou, aliamuru shehena itupwe majini ili meli isizame, akafanikiwa kuifikisha Rasi ya Tumaini Jema mwezi Februari ikiwa karibu gofu. Watu wa Sydney hawakuyajua hayo. Waliendelea kumweka mlinzi kwenye rasi ya kusini ya mlango wa bandari, kazi yake ikiwa kutazama bahari na kupandisha bendera pindi aonapo tanga.

Mwezi Machi Phillip aliamua kupunguza vinywa vya kulisha. Aliwapeleka watu zaidi ya 200 katika kisiwa cha Norfolk, ambacho ardhi yake ilikuwa na rutuba zaidi, kwa meli mbili pekee alizokuwa nazo, Sirius na Supply. Sirius ilikusudiwa kuendelea hadi China kununua chakula. Tarehe 19 Machi ilipanda juu ya mwamba mbele ya kisiwa, na Supply iliporudi Sydney tarehe 5 Aprili kuleta habari hiyo, koloni zima likabaki na chombo kimoja kidogo cha kuliunganisha na dunia.

Gavana aliwaita maofisa wake wakashauriana, na posho ikapunguzwa. Kapteni Watkin Tench wa askari wa majini, aliyeyaona yote hayo kwa macho yake na kuyaandika, ametuachia vipimo vyake: kwa wiki nzima, kila mtu mzima na kila mtoto aliyepita miezi kumi na minane alipewa ratili mbili na nusu za unga, ratili mbili za mchele na ratili mbili za nyama ya nguruwe ya chumvi. Kwa vipimo vyetu, unga na mchele kwa pamoja ni kilo mbili hivi kwa wiki. Msomaji wa Ujiji ataipata picha vizuri akikumbuka kwamba mpagazi wa msafara uliopita njia ya Tabora karne iliyofuata alihesabiwa posho ya kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, ambayo ni takriban robo tatu ya kilo. Kwa wiki anapata karibu kilo tano. Mpagazi huyo alibeba mzigo mzito kutwa, ni kweli, lakini na mfungwa wa Sydney naye alitakiwa kukata miti, kufyatua matofali na kulima.

Na chakula chenyewe kilikuwa cha namna gani? Nyama ilitiwa chumvi miaka mitatu au minne nyuma. Tench anaeleza kwamba hawakuweza tena kuichemsha, kwa kuwa ilinywea ikabaki si kitu. Mtu alikata kipande chembamba, akakichoma kwa uma juu ya makaa, na chini yake akakinga kipande cha mkate au kisahani cha wali ili tone la mafuta lisipotee. Mchele ulijaa wadudu hata ukionekana kujongea wenyewe. Phillip aliutoa unga wake binafsi na kuutia katika bohari la wote, akakataa kula zaidi ya posho ya mfungwa, na mgeni aliyealikwa mezani kwake aliambiwa aje na mkate wake. Huo ni uungwana unaostahili kutajwa hata na sisi tusio na sababu ya kuusifu ukoloni.

Hata hivyo tarehe 12 Mei mfungwa mmoja mzee alianguka alipokuwa akipokea posho yake, akachukuliwa hospitali, akafa. Madaktari walipompasua walikuta tumbo lake tupu kabisa. Kwa kuwa watu hawakuwa na nguvu, saa za kazi zilipunguzwa. Wawindaji hodari walipewa bunduki wakatafute kangaruu, na mashua zote, hata za watu binafsi, zilitumwa kuvua usiku huku maofisa wakipokezana zamu ya kuzisimamia. Walichopata kilikuwa kidogo.

Hapo ndipo lilipo jibu la sehemu ya pili ya swali lako. Wenyeji wa pale, Wagadigal na jamaa zao wa pwani ile, waliishi katika makundi madogo, wakihama kufuata majira ya samaki, chaza, mizizi na wanyama. Wanawake wao walivua kwa ndoana za kombe wakiwa katika mitumbwi ya magome ya miti, na ndani ya mtumbwi waliweka moto juu ya udongo ili samaki aokwe palepale. Nchi iliwatosha wao kwa maarifa yao. Haikuweza kuwatosha pia watu 1,000 waliopiga kambi mahali pamoja, wakikokota nyavu kubwa katika maji yaleyale, wakaichosha ghuba. Tena wenyeji walikuwa wametoka katika msiba mzito kuliko wa wageni wao: mwaka 1789 ndui ilipita katika eneo hilo, na Phillip, kwa yale aliyoambiwa na wenyeji wenyewe, alikadiria kwamba nusu ya watu wa hapo walikufa. Mtu akisema 1790 ulikuwa mwaka wa njaa ya walowezi, namwomba ajue pia kwamba katika vijiji vya moshi vilivyoizunguka bandari ile, mwaka huo ulikuwa wa pili wa matanga.

Bendera ilipanda tarehe 3 Juni, saa za alasiri. Tench alikuwa ndani ya kibanda chake aliposikia kelele za furaha nje. Akafungua mlango akaona wanawake wakikimbia huku na huko, watoto mikononi, wakipongezana na kuwabusu wachanga wao. Yeye na ofisa jirani yake walishikana mikono wasiweze kusema. Wakaingia mashuani, wakapiga makasia katika mvua na upepo hadi wakalisoma neno London nyuma ya meli. Ilikuwa Lady Juliana, na ndani yake hamkuwa na chakula cha kuliokoa koloni bali wanawake wafungwa zaidi ya 200. Meli ya vyakula, Justinian, ilifika tarehe 20 Juni, na posho kamili ikarudishwa.

Mhariri, nimefanya kazi bandarini Kigoma hadi nilipostaafu. Sisi tunajua Liemba ilizamishwa na Wajerumani ikaibuliwa ikafanya kazi tena. Je, hiyo Sirius mliyoitaja nayo iliibuliwa?
*Mstaafu, Kigoma mjini*

Mzee wetu, haikuibuliwa, na tofauti iko katika namna zilivyozama. Graf von Götzen, ambayo leo ni Liemba, ilizamishwa kwa makusudi mwaka 1916 na mafundi walioipaka mitambo yake grisi ili isiliwe na kutu, na ndiyo sababu Waingereza waliweza kuiibua mwaka 1924 na kuirudisha kazini mwaka 1927. Sirius ilirushwa na mawimbi juu ya mwamba mahali ambapo bahari haitulii, ikapigwa mpaka ikasambaratika. Watu wote waliokolewa kwa kuvutwa na kamba hadi nchi kavu, na vyakula vingi viliokolewa pia, ingawa wafungwa wawili waliojitolea kwenda kuwatoa wanyama waliobaki waligundua pombe, wakalewa, wakawasha moto ndani ya meli. Nanga yake moja iliopolewa baadaye sana, na leo imewekwa katika bustani ya Macquarie Place mjini Sydney.

Waliobaki Norfolk waliokolewa na ndege. Aina moja ya ndege wa baharini ilikuwa ikitaga katika mashimo mlimani Mount Pitt, na katika miezi michache ya mwaka huo watu wa kisiwa waliwala zaidi ya 150,000. Ndege hao walikwisha kabisa kisiwani humo katika miaka iliyofuata.

Kwa Mhariri, hapa Tabora wazee bado wanasimulia misafara ya pembe na watumwa. Jirani yangu anadai kwamba Waingereza waliwasafirisha hata watu wa kwao wenyewe kwa minyororo, wakafa njiani kama watumwa. Mimi naona anatia chumvi. Ukweli ni upi?
*Msomaji wa kike, Tabora*

Dada, jirani yako hajatia chumvi, na jambo lenyewe lilitokea mwaka huohuo wa 1790. Wiki moja hivi baada ya Justinian ziliingia meli tatu, Surprize, Neptune na Scarborough. Zilipoondoka Uingereza zilikuwa na wafungwa 1,000 hivi, na karibu robo yao walikufa baharini. Katika Neptune peke yake, kati ya watu 500 hivi walikufa 158. Walioteremshwa wakiwa hai, takriban nusu walikuwa wagonjwa wa kiseyeye, kuhara damu na homa.

Kasisi Richard Johnson aliteremka katika tumbo la meli ya Surprize kuwaona. Aliwakuta wamelala karibu uchi, hawawezi kujigeuza, na harufu ilikuwa kali kiasi kwamba hakuthubutu kuingia katika meli nyingine. Wengine walifia sitahani walipofikishwa kwenye hewa safi, wengine mashuani kabla ya kugusa ardhi. Waliofika nchi kavu walitambaa kwa mikono na magoti au walibebwa migongoni. Hema karibu 100 zilipigwa, watu wanne katika kila hema, na blanketi moja kwa wote wanne. Ilijulikana pia kwamba safarini mtu alipokufa, wenzake waliofungwa naye pingu moja walificha kifo chake siku kadhaa, wakilala kando ya maiti, ili posho yake iendelee kutolewa.

Naomba uangalie chanzo chake, kwa sababu hapa ndipo hasira yangu inapoelekea. Safari ile ilipewa kampuni ya Camden, Calvert and King, ambayo ilikuwa imezoea biashara ya watumwa, na serikali ililipa pauni 17, shilingi 7 na peni 6 kwa kila mfungwa aliyepakiwa. Malipo yalihesabiwa kwa aliyepanda melini, hayakumtazama aliyeshuka. Chakula ambacho mfungwa hakula kilibaki mali ya wenye meli, na manahodha walipofika Sydney walifungua soko nchi kavu wakauza bidhaa zao kwa bei ya juu. Pingu walizotumia zilikuwa zile za meli za watumwa, zenye kipande kifupi cha chuma kati ya vifundo vya miguu, hata mtu asiweze kupiga hatua. Ofisa mmoja aliyesafiri katika Surprize, Kapteni William Hill, aliandika kwamba biashara ya watumwa ilikuwa na huruma ikilinganishwa na aliyoyaona katika msafara huo, kwa kuwa mwenye kuuza watumwa ana faida katika uhai wao, na hawa walifaidika kwa kifo.

Msomaji wa Tabora asiichukue kauli ya Hill kama kibali cha kuipunguzia uzito biashara ya watumwa. Mfungwa wa Kiingereza alikuwa na kifungo chenye mwisho, mara nyingi miaka saba, na mtoto wake alizaliwa huru. Aliyeteremshwa pwani na msafara wa Unyanyembe hakuwa na mwisho huo. Lakini Hill aliona sawasawa jinsi mkataba mbovu unavyoua bila mtu yeyote kuinua upanga. Nahodha wa Neptune, Donald Trail, na ofisa wake mkuu walishtakiwa London mwaka 1792 wakaachiwa huru. Na kabla habari za vifo hivyo hazijafika Uingereza, kampuni ileile ilikuwa imekwisha kupewa mkataba wa msafara uliofuata.

Ndugu Mhariri, sisi Wanyamwezi tunamkumbuka Mtemi Isike, aliyejilipua kwa baruti mwaka 1893 kuliko kutiwa mikononi mwa Wajerumani. Katika nchi hiyo ya Sydney hapakuwa na mtemi aliyesimama?
*Kijana, Tabora*

Kijana wetu, watu wa pwani ile hawakuwa na watemi wala maboma; mambo yao yaliamuliwa na wazee na koo. Lakini waliosimama walikuwapo, na mwaka 1790 unatuonyesha wawili, ambao njia zao hazikufanana.

Wa kwanza ni Bennelong. Mnamo Novemba 1789 Phillip aliamuru atekwe nyara pamoja na mwenzake Colebee, ili wafundishwe Kiingereza na kuwa wapatanishi. Colebee alitoroka mapema, Bennelong akatoroka Mei 1790. Mwezi Septemba nyangumi aliyekufa alikwama ufukweni Manly, na wenyeji wengi wakakusanyika kumla. Phillip aliposikia Bennelong yuko pale alikwenda kumwona, karibu bila silaha. Walizungumza, wakanywa divai, kisha mtu mmoja aitwaye Willemering akamrushia gavana mkuki, ukaingia juu ya mtulinga na kutokea mgongoni. Maofisa waliukata mpini, wakamsafirisha kwa mashua akivuja damu, na daktari akautoa. Phillip alikataza watu wake wasilipize kisasi. Wapo wanahistoria wanaoamini kwamba mkuki ule ulikuwa adhabu halali kwa sheria za wenyeji, kwa sababu ya utekaji nyara, na kwamba Bennelong aliipanga ili deni liishe na mazungumzo yaanze. Mimi naliona wazo hilo kuwa na uzito, kwa kuwa baada ya hapo Bennelong alianza kuja mjini kwa hiari yake, na mwezi Novemba alijengewa nyumba ya matofali kwenye ncha ya nchi ambayo hadi leo inaitwa Bennelong Point, palipo jumba la opera la Sydney.

Wa pili ni Pemulwuy, wa ukoo wa Bidjigal. Mwezi Desemba alimchoma mkuki John McIntyre, mwindaji wa gavana, ambaye wenyeji walimchukia waziwazi. Hata Bennelong aliyemzoea gavana alimwogopa na kumchukia mtu huyo. Safari hii Phillip hakusamehe. Aliagiza wanaume wawili watekwe na wengine kumi wauawe, vichwa vyao viletwe katika mifuko. Tench, aliyepewa kuongoza askari, alimsihi apunguze, na amri ikawa kuwakamata watu sita, wasipokamatika wapigwe risasi. Luteni William Dawes, ambaye alikuwa akijifunza lugha ya wenyeji kutoka kwa msichana aitwaye Patyegarang na kuiandika katika madaftari yake, alikataa kwenda. Alikubali baada ya kuzungumza na Kasisi Johnson, na baadaye akasema anajuta kwamba alitii.

Wenyeji waliwaona askari kabla askari hawajawaona wao. Safari ya kwanza ilirudi mikono mitupu. Ya pili iliondoka usiku wa tarehe 22 Desemba, na walipokuwa wakivuka mkono wa bahari wakati maji yametoka, askari walizama matopeni hadi kiunoni, Tench akiwa miongoni mwao. Walikokotwa nje kwa kamba walizokuwa wamebeba kwa ajili ya kuwafungia mateka. Walipofika penye vibanda walikuta watu wamehama siku nyingi. McIntyre alikufa kwa jeraha lake mwezi Januari 1791, na Pemulwuy aliendelea kuwashambulia walowezi na kuchoma mazao yao hadi alipopigwa risasi mwaka 1802, kichwa chake kikakatwa na kupelekwa Uingereza.